Anayetawala na Anayeongoza: Kile Ambacho Mbuga Hutuonyesha

Neno safari lilitujia kwa Kiarabu, likazama kwenye Kiswahili, kisha wageni wakaliazima na kuondoka nalo likiwa limepunguzwa maana: gari lililofunguliwa paa, kofia ya kaki, simba amelala kwenye nyasi. Kwetu limebaki na upana wake. Kupanda basi kwenda Tanga ni safari, na kumpeleka bibi hospitali ya rufaa ni safari. Katika karne ya 19 neno hilo lilikuwa pia jina la msafara wenyewe, yaani mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea kwa miguu kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wakipeleka nguo na shanga bara na kurudisha pembe za ndovu pwani.

Mbele ya msafara huo alitembea kiongozi. Wasafiri wa Kizungu waliomwona waliandika jina lake "kirangozi". Alivaa vazi la kumtofautisha, mara nyingi jekundu, akashika bendera, na mpagazi hakuruhusiwa kumtangulia njiani. Lakini mwenye mali hakuwa yeye. Aghalabu alikuwa mpagazi kama wenzake, na mzigo wake begani, ila mwepesi kidogo. Walimkubali atangulie kwa kuwa aliijua njia: maji yako wapi, mtemi yupi anadai hongo kubwa (enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita), mto upi haupitiki masika. Tajiri wa msafara alikuwa na uwezo wa kulipa na kuadhibu. Kiongozi alijua pa kukanyaga.

Nimeanza na mtu huyo kwa sababu tofauti kati yake na tajiri wake ndiyo inayofungua fundo ninalotaka kulifungua hapa. Siku hizi wakurugenzi, wachungaji, wakuu wa shule na wamiliki wa biashara wanahimizwa kwenda mbugani "kujifunza uongozi kwa wanyama" na kurudi wapya. Nauamini wito huo. Nimerudi kutoka mbugani nikiwa mtu mwingine, na zaidi ya mara moja. Ila mengi yanayofundishwa kwa jina la wanyama ni hadithi tulizokwenda nazo wenyewe, tukawavisha wanyama, kisha tukarudi nazo nyumbani kana kwamba wao ndio waliotupa. Wanasayansi waliokaa porini miaka na miaka wameona mambo mengine kabisa, na hayo ndiyo yanayofaa kutafakariwa.

Tuanze na simba, kwa kuwa picha yake ndiyo hutangulia kwenye kila semina. Simba wa Serengeti wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu 1966, alipoanza George Schaller. Tunajua sasa kwamba kundi la simba ni la wanawake: mama, dada zake, mabinti, shangazi. Na katika hao majike hakuna malkia. Hakuna jike mwenye cheo cha kumzuia mwenzake kuzaa, na wananyonyeshana watoto. Dume tunayemwita mfalme ni mpita njia. Yeye na nduguze hushika kundi kwa miaka miwili au mitatu hivi, kisha madume wengine huwang'oa, na wakishawang'oa huwaua watoto wachanga waliowakuta ili majike wapate joto upya. Machi 2023 simba mashuhuri wa Serengeti aliyeitwa Bob Junior, aliyekuwa amedumu kuliko kawaida, aliuawa na madume vijana. Watu walimlilia mitandaoni, nami nilihuzunika. Lakini ndivyo utawala wa dume la simba unavyokwisha, na anayetaka kumchukua awe kielelezo cha uongozi hawezi kuchukua manyoya ya shingoni akayaacha hayo mengine.

Kwa hiyo niseme mapema: pori si mwalimu wa maadili. Mnyama hatuambii lipi ni jema. Anachoweza kutusaidia ni kutuonyesha kazi ambazo sisi tumezichanganya, zikiwa zimetengana.

Kwa simba, kazi hiyo imo kwa majike. Mwaka 1995 Robert Heinsohn na Craig Packer walichapisha matokeo ya jaribio ambalo sijawahi kulisahau. Walificha spika porini wakacheza ngurumo za majike wageni, yaani wavamizi, kisha wakatazama majike wenyeji watafanya nini. Kundi liliinuka kwenda kuikabili sauti, ila si kwa mwendo mmoja. Wapo majike waliotangulia kila mara. Wapo waliobaki nyuma kila mara, wakifika hatari ikiwa imepungua. Yule wa mbele alikuwa akigeuka kumtazama mwenzake anayechelewa, anasita, anatazama tena, halafu anaendelea mbele. Na watafiti hawakuona adhabu yoyote: waliochelewa hawakutengwa, hawakung'atwa, waliendelea kula pamoja na wengine.

Kila ukoo una mwanamke wa namna hiyo. Ndiye anayefika msibani kwanza, anawasha moto, anajua nani hajala, na hana wadhifa wowote kwenye kamati. Tunapotafuta kiongozi tunamtafuta mwenye sauti nene, na huyu tunampita mlangoni akiwa ameshika sufuria.

Nyani ndiye aliyenifungua macho zaidi. Kundi la nyani lina ngazi ambayo kila mmoja anaijua. Dume wa juu anachukua tunda mkononi mwa mwenzake na hakuna wa kumuuliza. Kama kuna mnyama ambaye tungetarajia mwenye nguvu ndiye aamue, ni huyu. Mwaka 2012, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala huko Laikipia, Kenya, watafiti waliwavisha nyani 25 wa kundi moja mikanda ya shingoni yenye vifaa vya GPS, vikirekodi kila mmoja alipo kila sekunde. Matokeo yalichapishwa 2015. Kila asubuhi kundi linaposhuka kutoka miti waliyolala, lazima liamue liende upande gani kutafuta chakula. Aliyeamua hakuwa dume wa juu. Nyani yeyote aliweza kuanza kuondoka, na wenzake walimfuata au walimwacha. Walioanza wakiwa wengi na wakakubaliana upande walipata wafuasi kuliko dume mkubwa aliyekwenda peke yake.

Kuna kipengele kimoja cha utafiti huo ambacho ningependa kila mwenyekiti wa kikao akijue. Nyani wawili wakianza kwenda pande zinazokaribiana, kundi lilipita katikati, yaani lilisuluhisha. Lakini pande hizo zikiachana sana, kwa pembe ya takriban nyuzi 90 au zaidi, kundi halikupita katikati tena. Lilichagua upande mmoja likaufuata, na waliotaka upande mwingine wakajiunga. Mimi nimekaa kwenye vikao vingi ambako tulisuluhisha mambo yasiyosuluhishika: nusu ya wajumbe wanataka mto, nusu wanataka mlima, tukaishia jangwani katikati, tukapiga makofi kwa kuwa hakuna aliyeudhika.

Hapo ndipo maneno mawili ya Kiswahili yanapoachana. Kutawala ni kuweza kumwondoa mtu kwenye tunda. Kuongoza ni kwenda mahali na wengine wakaona kuna maana ya kukufuata. Dume wa Laikipia alikuwa na la kwanza bila la pili, sawasawa na tajiri wa msafara wa Bagamoyo. Mbwa mwitu wa Botswana nao wana njia yao. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba kabla ya kwenda kuwinda hukusanyika, na kadiri chafya zinavyokuwa nyingi ndivyo kundi linavyoelekea kuondoka. Wakubwa wakiwa ndio walioanzisha mkusanyiko, chafya chache zinatosha. Akianzisha mdogo, zinahitajika nyingi zaidi, kama 10 hivi. Cheo kina uzito kwao, sikatai, lakini mdogo naye ana njia ya kusikika, na wanafahamu ni kiasi gani cha kuungwa mkono kinatosha.

Sasa tembo, na hapa nitakaa.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire iko mwendo wa saa mbili hivi kutoka Arusha. Mwaka 1993 ilipigwa na ukame mkali. Charles Foley na wenzake, waliokuwa wakiwafuatilia tembo wa pale, walihesabu kwamba katika miezi tisa watoto 16 kati ya 81 walikufa, sawa na mtoto mmoja kwa kila watano, wakati miaka ya kawaida hufa wawili hivi kwa kila 100. Lakini vifo hivyo havikugawanyika sawa. Koo mbili zilitoka nje ya hifadhi, zikaenda kutafuta maji na majani kwingine. Ukoo mmoja ulibaki, na huo ndio uliopoteza watoto wengi zaidi, 10 kati ya wale 16.

Tofauti ilikuwa nini? Ukame mwingine wa ukali huo ulikuwa umepita kati ya 1958 na 1961, zaidi ya miaka 30 nyuma. Koo zilizoondoka zilikuwa na majike wakubwa wenye umri wa kuweza kuwa waliuona ukame ule wakiwa wadogo, wakifuata mama zao. Ukoo uliobaki haukuwa na jike wa umri huo. Watafiti wenyewe walilisema hili kwa tahadhari, kwamba huenda kumbukumbu ndiyo iliyowaokoa, na sisi tulipokee kwa tahadhari hiyo hiyo. Ila tafiti za Amboseli, upande wa pili wa mpaka, zinaelekea huko huko. Tembo wa pale wamefuatiliwa tangu 1972, mmoja mmoja kwa jina, katika kazi iliyoanzishwa na Cynthia Moss. Mwaka 2001 Karen McComb na wenzake walionyesha kwamba familia zenye bibi mzee hutofautisha vizuri zaidi sauti ya tembo wanayemfahamu na ya mgeni, hivyo hawapotezi nguvu kuogopa ovyo. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba bibi wazee hutambua upesi kuliko vijana kuwa ngurumo inayosikika ni ya simba dume, ambaye kwa mtoto wa tembo ni hatari kuliko jike.

Penye wazee hapaharibiki neno. Methali hiyo tumeisikia mpaka masikio yakaizoea, na huenda wengi huichukua kama heshima tu kwa mvi. Tarangire inaipa mwili. Bibi tembo halishindi kundi kwa nguvu. Madume ni wakubwa kuliko yeye, nao huishi kando. Anachokibeba ni habari ya jambo lililotokea mara moja katika nusu ya maisha yake, ambalo wengine wote hawajaliona. Miaka 30 ujuzi huo hauna kazi yoyote. Mtu angeweza kumtazama akasema amezeeka, anachelewesha mwendo. Halafu mwaka wa ukame unafika.

Ndiyo maana hesabu ya ujangili inanitia uchungu kwa namna ambayo takwimu peke yake haiisemi. Sensa za tembo nchini Tanzania zilipata takriban 109,000 mwaka 2009 na takriban 43,000 mwaka 2014. Jangili hutafuta meno makubwa, na meno makubwa yako kwa wazee. Kwa hiyo kila aliyeuawa aliondoka na ramani. Idadi ya tembo imeanza kupanda tena, namshukuru Mungu na askari wa wanyamapori, lakini mtoto anayezaliwa leo hawezi kukumbuka njia ya maji ambayo bibi yake hakupata nafasi ya kumwonyesha.

Na si majike tu. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, waliletwa tembo wadogo mayatima waliobaki baada ya wakubwa wao kuuawa katika Hifadhi ya Kruger kwa lengo la kupunguza idadi. Walipofikia ujana, miaka ya 1990, madume hao walianza kuua vifaru weupe, zaidi ya 40. Dume la tembo lina vipindi ambavyo homoni humpanda, majimaji humtiririka kando ya macho, na huwa mkali. Kwa kijana kipindi hicho huwa kifupi, siku au wiki chache. Kwa wale mayatima kiliwaanza mapema mno na kilikuwa kikikaa kwa miezi. Mwaka 1998 wahifadhi walileta madume sita wakubwa kutoka Kruger. Hakuna aliyewafundisha vijana lolote. Uwepo wa wakubwa ulitosha: kijana aliyesimama mbele ya dume mzima alijikuta homoni zinashuka, na mauaji ya vifaru yakakoma. Nikiwaona vijana wetu kijiweni wakilaumiwa kwa ukali wao, nawakumbuka wale tembo, na swali linalonijia ni wazee wao wako wapi na nani aliwaondoa.

Je, tabia ya kundi inaweza kubadilika? Hapa turudi kwa nyani, safari hii Masai Mara. Robert Sapolsky alikuwa akilifuatilia kundi lililoishi karibu na hoteli moja ya watalii ambayo shimo lake la taka lilikuwa na nyama. Madume wakali wa kundi lake walikuwa wakienda kupigana na kundi la jirani ili wapate mabaki yale. Wapole hawakwenda. Katikati ya miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe ikaingia shimoni, na wote waliozoea kula pale wakafa. Kundi lilipoteza karibu nusu ya madume yake, na waliokufa ndio waliokuwa wakorofi. Waliobaki walikuwa wapole na majike.

Kundi lilitulia. Madume waliketi karibu na majike, wakachambuana manyoya, wakubwa wakapunguza kuwaonea wadogo. Hilo lenyewe si ajabu kubwa. Ukiondoa wakorofi amani hupatikana. Ajabu ilikuja baadaye. Nyani dume akibalehe huhama kundi alikozaliwa. Kufikia 1993 hakukuwa na hata dume mmoja wa wakati ule wa ugonjwa. Wote walikuwa wahamiaji kutoka makundi ya kawaida, yenye ukali wa kawaida. Na bado kundi lilibaki na utulivu wake. Sapolsky na Lisa Share walipochapisha habari hii mwaka 2004, waliona dalili kwamba majike ndio waliokuwa kiungo: walimkaribisha mgeni mapema, wakamchambua manyoya wiki tatu hivi baada ya kufika, wakati kwenye makundi mengine mgeni hungoja kwa wiki nyingi akipokea vipigo. Mgeni asiyepigwa alijifunza kutopiga.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kila mfanyakazi mpya alinyanyaswa mwaka wake wa kwanza, kwa sababu waliomtangulia walinyanyaswa. Tulibadilishiwa wakuu watatu na hakuna kilichobadilika. Hakuna aliyefikiria kuangalia namna mgeni anavyopokelewa siku yake ya kwanza, nani anamwonyesha mahali pa kuweka chai yake.

Nyumbu nitawapitia kwa haraka, ingawa wanastahili utetezi. Tanzania ukitaka kumtukana mtu afuataye mkumbo unamwita nyumbu. Ni kweli kwamba zaidi ya milioni moja ya nyumbu huzunguka Serengeti na Mara bila kiongozi yeyote, na kwamba kila mwaka maelfu huzama mtoni. Ila kila nyumbu anafuata mvua na majani mabichi, na mikondo ya matumbo hayo yote ndiyo inayochora njia. Aliyewaokoa hata wakafika idadi hiyo hakuwahi kuwaongoza wala pengine kuwatazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa takriban robo milioni, wakikandamizwa na sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu pia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi milioni. Majani yakaliwa, moto ukapungua, miti ikaota. Mchanja ng'ombe pembeni ya hifadhi ndiye aliyeigeuza Serengeti.

Hilo ndilo la uongozi. La kujihuisha, yaani kurudi nyumbani mpya, lina fundo lake.

Mtu mwenye madaraka aliyechoka huona haya kusema amechoka, akidhani cheo kingepaswa kumlinda. Kwa nyani wa Amboseli watafiti walipima homoni za msongo kwenye kinyesi cha madume 125 kwa muda wa miaka tisa, na wakachapisha mwaka 2011. Kadiri dume anavyopanda ngazi ndivyo msongo unavyopungua, isipokuwa kwenye ngazi ya juu kabisa. Dume wa kwanza alikuwa na msongo kama wa wale wa chini kabisa. Wa pili wake alikuwa na nafuu kubwa. Kupigana na kulinda nafasi kila siku kunakula mwili. Kwa hiyo uchovu wa aliye juu ni gharama halisi, na haiondoki kwa kujikaza.

Kwa nini basi kutazama tembo kunapunguza uchovu huo? Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa maelezo ninayoyaona yana nguvu. Umakini wetu uko wa namna mbili. Upo wa kujilazimisha, unaotumika kusoma mkataba au kusikiliza malalamiko huku simu inatetemeka. Huo huchoka kama msuli. Na upo wa kuvutwa tu, kama unapotazama moto, mawingu, maji yanayotiririka. Huo wa pili ukifanya kazi, wa kwanza hupumzika. Mnyama anayekula majani ni wa kundi hilo: anatosha kukushika macho, hatoshi kukudai chochote.

Jambo hili si lazima liwe la gharama. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania walitoka mapema kidogo kama dirisha lao lilitazama miti kuliko lilipotazama ukuta. Mwaka 2019 utafiti wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza ulikuta kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walijieleza kuwa na afya na furaha zaidi, hata dakika hizo zikigawanywa vipande vipande. Wa Nairobi ana Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania. Wa Dar es Salaam ana Pugu. Na anayepanda basi la Iringa anavuka Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, twiga na nyati wakiwa kando ya lami; wakati huo wengi tumelala au tunatazama filamu kwenye skrini ya basi.

Kinachoharibu safari nyingi za mbugani ni kwamba tunaipeleka ofisi huko huko. Tunakuwa na orodha: simba, chui, tembo, nyati, kifaru, kila mmoja apigiwe alama kabla ya saa sita. Redio ya gari inataja chui, magari 15 yanakimbilia mti mmoja, vumbi linapanda, watu wanasukumana kwa kamera, mkia unaonekana, tunaondoka kuwahi kingine. Huo ni umakini wa kujilazimisha uliobadilishiwa mandhari, na mtu hurudi amechoka kuliko alivyokwenda, akashangaa.

Agosti moja, huko Tarangire, tuliendeshwa na mzee aliyekuwa mbugani kwa miaka mingi. Asubuhi ya pili redio ilipoanza kuita, alitugeukia akasema, "Wanangu, mkinikubalia, leo tukae na mnyama mmoja." Mwenzetu mmoja alinung'unika kuhusu chui. Mzee akasema, "Sawa mwanangu, nimekusikia. Nipe nusu saa, ukichoka tutakwenda." Akazima gari juu ya ukingo wa mto mkavu.

Familia ya tembo ilishuka kwenye mchanga. Kulikuwa na mashimo ya jana yaliyokauka, na vijana walikwenda moja kwa moja kuyachokoa. Jike mkubwa, sikio lake la kushoto limechanika, aliyapita yote. Akasimama karibu na kona ya mto, akanusa mchanga kwa ncha ya mkonga, akasogea hatua tatu, akanusa tena. Kisha akaanza kuchimba kwa mguu wa mbele, taratibu, akitoa mchanga kwa mkonga na kuutupa kando. Wale vijana waliacha mashimo yao mmoja mmoja wakaja kusimama nyuma yake.

"Ukame wa nyuma alichimba hapo hapo," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Mama yake pia nilimwona hapo."

Maji yalipoanza kujikusanya alikunywa kidogo, akajitoa, na mtoto akapiga magoti ukingoni mwa shimo. Nusu saa ilipita bila yeyote kuitaja. Tulikaa mpaka jua likapanda juu ya mibuyu, na redio ilimtaja chui mara mbili.